Niko mwaka wa tatu wa saikolojia, Amu wananiuliza nitatibu vichaa gani

BINTI_LANGONI

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni wa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, nasoma saikolojia chuo kikuu Nairobi. Nimekuja likizo. Juzi baada ya alasiri nimekaa barazani na nyanya yangu, ami yangu akapita na punda wawili wa mchanga, akawasimamisha kusudi aniulize mbele ya watu: "Hiyo sikolojia ukimaliza, utakwenda hospitali ya Mathari kushika vichaa?" Baraza zima likacheka. Nami nikacheka. Usiku sikupata usingizi.

Hakikuwa kicheko kilichoniuma. Ni kwamba sikuwa na jibu. Kozi hii sikuitaka, nilipangiwa na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, nikaikubali shingo upande, ila tangu mwaka wa pili nimeipenda kwelikweli. Niulize habari za Wundt na maabara yake ya Leipzig ya 1879, au Pavlov na mbwa wake, nitakueleza mpaka uombe ruhusa uondoke. Niulize nani atakayenilipa, kimya. HELB wananingojea na mkopo wao wa masomo, baba ni nahodha wa boti za Mokowe, na nyuma yangu wako wadogo watatu.

Mlio kazini naomba mniambie kweli. Digrii hii peke yake inaajirika? Nibaki Nairobi au nirudi pwani? Na tafadhali, msinipe ile ya "fuata ndoto yako". Nimeshaisikia kwa kila mgeni aliyealikwa kuhutubia chuoni.

TUKTUK_BARANI

Dada, shuka Malindi ufungue kibanda pale stendi. Wateja wa kwanza ni sisi. Tuktuk ya mkopo ni ugonjwa wa akili kamili, hauhitaji kupimwa.

DADA_MSHAURI

Waaleikum salaam mdogo wangu. Tuktuk atacheka lakini amesema jambo, nitalirudia.

Nilimaliza digrii hiyo hiyo miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo niko Malindi. Jibu la swali lako la kwanza: peke yake, kwa shida sana. Aliyesoma uuguzi anatoka chuoni muuguzi. Aliyesoma saikolojia hatoki mwanasaikolojia, anatoka mtu aliyesoma saikolojia. Mimi hili niligundua nikiwa tayari nimeshavaa joho.

Tuanze na ami yako, maana amechanganya kazi tatu kama wanavyochanganya wengi. Anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili. Huyo amesoma udaktari kwanza, ndipo akajikita kwenye akili. Mwanasaikolojia wa kliniki hatoi dawa. Anapima, anatibu kwa mazungumzo na mazoezi, na hapo unahitaji shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi wanayo, USIU na Daystar pia. Wa tatu ni mshauri nasaha, ambaye anaweza kuanza na diploma au digrii ya ushauri, mradi apate saa zake za kuketi na watu chini ya msimamizi. Wa pili na wa tatu wana sheria yao ya mwaka 2014, na ipo Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia. Kutundika kibao mlangoni bila kusajiliwa ni kosa, hata kama cheti chako kina alama nzuri kiasi gani. (Mathari yenyewe mwambie ami ilianza 1910, na jengo lile kabla ya hapo lilikuwa la kutenga wagonjwa wa ndui. Mtu akikucheka, mzidi kwa habari.)

Sasa habari za huku. Unajua unga, yaani heroini, ulivyotukalia pwani. Kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa ya walioshikwa na unga) ya hospitali ya Malindi ilifunguliwa 2015, miongoni mwa za mwanzo nchini, miezi michache baada ya ile ya Mathari. Watu wanadhani kazi pale ni ya dawa tu. Lakini mtu hapewi methadoni kama anayenunua Panadol. Kabla ya kuanza anaketishwa, anaulizwa, anaandaliwa, na akishaanza lazima awe na wa kumfuatilia, kwa sababu dawa inaondoa arosto (maumivu ya kukosa unga), haimwondolei sababu zilizompeleka maskani kwa watumiaji.

Nikupe picha. Asubuhi watu wako foleni dirishani. Mtu anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kisha anaambiwa aseme neno lolote ili ijulikane amemeza, hakuficha mdomoni akaiuze nje. Kulikuwa na kijana mmoja (nimegeuza mambo mawili matatu asijulikane) ambaye kila siku neno lake lilikuwa "shikamoo". Basi. Anasema shikamoo kwa dirisha, anakwenda zake. Wakati huo nilikuwa na shirika lililokuwa likifuatilia wagonjwa, na yeye alikuwa kwenye orodha yangu. Kwa miezi minne kazi yangu ilikuwa kuketi naye kwenye benchi, tukitazama kunguru. Siku aliyofungua mdomo hakusema habari za unga wala za maisha. Alisema aliuza viatu vya babake vya Idi, na babake alikwenda kuswali na kandambili, na hakumuuliza kitu. Toka siku ile tukaanza kazi.

Hakuna mtihani wa chuo ulionifundisha kungoja miezi minne. Lakini pia usidhani nilikuwa nalipwa vizuri kungoja. Shirika lile mradi wake uliisha mwezi wa tisa, tukaambiwa Jumatano kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Wagonjwa wangu thelathini na kitu hakuna aliyewaambia, niliwaambia mimi, na mshahara wa mwisho ulikuja baada ya miezi mitano. Kwa hiyo somo langu la pili: kila kazi ya fani hii uliza nani anayelipa, na fedha zake zinaisha lini. Anayelipa mara nyingi si yule unayemsikiliza.

MZEE_WA_MKUNGUNI

Mimi nitasema wasiotaka kusema. Huku kwetu mtu akikosa raha anapelekwa kwa mwalimu akasomewe, au kwa mganga. Nani atakayetoa pesa mfukoni alipe mtu wa kumsikiliza? Kusikilizwa hapa Amu ni bure, nenda Mkunguni wakati wowote utapata wazee kumi. Binti angesomea uuguzi.

AFISA_KORTI

Mzee, shikamoo. Mimi mshahara wangu hautoki mfukoni mwa mtu, unatoka serikalini, na nilisoma saikolojia.

Niko probesheni, moja ya kaunti za pwani, nisiseme ipi. Wengi hawajui idara hii inachukua watu wa saikolojia, sosholojia na kazi za jamii, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Nafasi hazitangazwi kila mwaka, na zikitangazwa foleni ni ndefu, nisikudanganye. Ila ukiingia umeingia.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu amepatikana na hatia, hakimu kabla ya kutoa hukumu anataka ripoti. Nani huyu? Anaishi na nani? Afungwe, au apewe kazi za jamii, au awekwe chini ya uangalizi? Ninapanda bodaboda mpaka kwao. Nimewahi kuketi kwenye mkeka na mama wa kijana aliyeiba nyaya, mzee wa mtaa upande huu, aliyeibiwa upande ule, na kila mmoja anasema anayodhani nataka kusikia. Mama alisema mwanangu hanywi. Nikamuuliza mdogo wake wa miaka tisa kaka hulala wapi. Akasema, "Akiwa na harufu hulala nje na mbuzi." Yale yote niliyosoma ya mahojiano, ya jinsi swali linavyomwongoza mtu kwenye jibu, ndiyo mkate wangu wa kila siku. Ripoti yenyewe kurasa nne, na mtu anaweza kwenda gereza la Hindi au la Malindi, au akarudi kwao, kwa ajili ya aya moja uliyoiandika vibaya.

Jambo jingine. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, aliyejaribu kujiua aliletwa kortini kama mshtakiwa. Fikiria, mtu ametolewa kitanzini, anapandishwa kizimbani. Sasa kesi hizo zikiondoka kortini lazima ziende kwa mtu. Ziende kwa nani kama ninyi mnaosoma mnakimbilia benki?

Angalia pia idara ya watoto. Nao huchukua fani yako.

DADA_MSHAURI

Mzee wa Mkunguni, nimekupata, na nusu ya maneno yako ni kweli. Kusikilizwa barazani ni bure, lakini ukimwambia mzee wa baraza kwamba mkeo anakupiga, kabla ya isha Amu nzima inajua. Watu hawalipii masikio, wanalipia siri.

Na walimu si wapinzani wangu. Yuko mmoja hapa Malindi tumekubaliana: yeye asome, hilo silo langu. Ila mtu akija kwake hajalala siku nne, au anasikia sauti zinazomwamrisha, asimkalishe wiki nzima kwa kombe, amlete hospitali siku ile ile. Ameshaniletea wengi kuliko nilioletewa na zahanati yoyote. Mimi naye hatukubaliani majini ni nini, na hatujawahi kubishana.

Halafu Mzee, kuna mambo ambayo baraza haliwezi kuyabeba. Mpeketoni Juni 2014 washambuliaji waliua zaidi ya watu sitini. Na 2023 Shakahola, mnajua wenyewe, wale waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe, zaidi ya miili mia nne ilifukuliwa na kuletwa Malindi. Nilijitolea hospitalini wakati ule, Msalaba Mwekundu walikuwa na dawati la kutafuta jamaa waliopotea na la ushauri. Nilikutana na baba mmoja aliyekuja na picha ya familia ndani ya karatasi ya nailoni. Ametoa sampuli ya vinasaba, anangoja. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia. Aliniuliza mahali pa kuchajia simu, kwa maana wakipiga na imezima hatajisamehe. Siku tatu tulichofanya mimi na yeye ni kutafuta soketi. Kama ningemfungulia daftari la "hatua za huzuni" nadhani angeondoka.

Yaliyobaki ya kipindi kile sitayaandika hapa.

WATAMU_WAFANYAKAZI

Ngoja nami niseme, maana nyote mnazungumzia majonzi na binti wa watu anataka kulipa mkopo.

Nilisoma saikolojia, niko idara ya wafanyakazi kwenye hoteli moja Watamu, mwaka wa sita. Ni njia ambayo wengi wetu tunaishia na si aibu. Hapa pia kuna sheria, ya 2012, na chama cha wataalamu wake, IHRM; digrii yako itakufikisha kwenye mahojiano, lakini kupanda utahitaji mitihani ya CHRP, ya kitaalamu ya kazi hii. Anza ukiwa bado na akili ya kusoma, mimi nilianza nikiwa na mtoto mchanga.

Usidhani utakuwa unachambua nafsi za watu. Asilimia kubwa ya siku yangu ni fomu za likizo, barua za onyo, na mpishi anayedai kijana wa baa amemroga. Kuna nyakati mbili tu ambazo saikolojia inasimama mbele. Ya kwanza ni kuajiri: nilifuta yale maswali ya "jieleze" nikaweka kazi yenyewe. Mhudumu nampa trei na meza ya wageni sita wenye kelele. Waliokuwa wakijieleza vizuri nusu yao walianguka. Ya pili ni mwezi wa tano, mvua imeshika, wageni hakuna, na unawaita watu arobaini kuwaambia warudi nyumbani mpaka Julai. Hapo namna unavyosema, na unaanza kumwambia nani, ndiyo tofauti ya watu kurudi Julai au kwenda hoteli ya jirani.

Jifunze Kiitaliano kidogo, cha wageni wetu. Nasema kwa dhati. Malindi na Watamu, mwenye saikolojia na Kiitaliano anamshinda mwenye saikolojia na saikolojia.

MWALIMU_FAZA

Kwa ufupi, maana nimeona wengi wakipotea hapa: usidhani utaingia shule kwa digrii hiyo kuwa mwalimu wa ushauri. TSC, tume ya walimu, wanasajili aliyesomea ualimu na masomo ya kufundisha. Shuleni kwetu ushauri nasaha anapewa mwalimu wa Kiswahili au wa dini, juu ya vipindi vyake. Shule za kibinafsi za mijini ndizo huajiri mshauri kamili.

MTAFITI_KLF

Hakuna aliyetaja utafiti na tuko jirani na moja ya taasisi kubwa za utafiti wa afya Afrika. KEMRI-Wellcome Trust iko Kilifi tangu 1989, na si malaria peke yake. Wanafuatilia ukuaji wa akili wa watoto, kifafa, watoto walionusurika degedege.

Binti, msome Profesa Amina Abubakar, ambaye sasa anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Yeye na wenzake walitengeneza kipimo kinaitwa Kilifi Developmental Inventory, cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Sababu yake ni rahisi na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Vipimo vya Ulaya na Marekani vimejaa vitu ambavyo mtoto wa kijijini Ganze hajawahi kuviona. Ukimwekea kitu kigeni akakitazama tu, umepima akili au umepima kama kwao kuna duka la midoli? Kwa hiyo lazima uanze na vitu anavyovijua, na mama awepo, na lugha iwe ya nyumbani.

Mimi niliingia kwa mlango wa chini kabisa, kuhoji watu kijiji kwa kijiji na kujaza majibu kwenye tableti. Nilichoka miguu. Lakini niliona kwamba swali lililotafsiriwa vibaya linaharibu mwaka mzima wa kazi. "Je, unajisikia chini?" Mama mmoja akaniambia hapana, nimekaa kwenye kiti. Anayejua Kiswahili cha kweli, na Kigiriama au Kiamu juu yake, na anajua takwimu, hatafutiwi kazi. Takwimu, narudia. Lile somo mnalolikimbia ndilo linalolipa.

KIJANA_WA_PROGRAMU

Nyongeza: makampuni ya simu na benki wanalipa watu wa kuwaangalia wateja wakitumia programu na kusema wanakosea wapi na kwa nini. Kazi ni ya Nairobi zaidi, nyingine hufanyika kwa intaneti. Mwenzangu kwenye timu alisoma saikolojia, kuandika programu hajui hata mstari mmoja. Mlango wake aliufungua kwa kurekodi nyanya zake wakijaribu kutuma pesa kwa simu.

BINTI_LANGONI

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na ile ya viatu nimemsomea nyanya. Shukran sana.

Naona sasa nilikuwa nauliza vibaya. Nilitaka mnitajie kazi, kumbe kila mmoja wenu ana saikolojia na kitu kingine ubavuni: korti, Kiitaliano, takwimu, saa za benchi. Mimi cha ubavuni sina bado. Nina Kiamu tu, na takwimu nilipata C.

Maswali mawili. Dada Mshauri, hizo saa chini ya msimamizi mtu wa mwaka wa tatu anaweza kuanza, au mpaka amalize? Na kama unga umenigusa (yumo mtu wa nyumbani, sitasema zaidi) inafaa niende kazi hiyo hiyo, au nitajiumiza?

DADA_MSHAURI

La pili kwanza. Kuguswa hakukuzuii. Wengi wetu tulio huku tumeguswa, na baadhi ya washauri wazuri kabisa ninaowajua wamewahi kuwa kwenye foleni ile ile wenyewe. Kinachozuia ni kuja kumtibu mtu wako kupitia wagonjwa wa watu. Msimamizi atakugundua wiki ya kwanza, na ndiyo kazi yake. Ukiona unamkasirikia mgonjwa kwa jambo ambalo si lake, unasema, tunaketi, tunaendelea. Ukificha ndipo utaumia.

La kwanza: kushauri mtu peke yako bado huruhusiwi, na ukiambiwa mahali kwamba unaruhusiwa, ondoka. Kujitolea na atachimenti (mazoezi ya kazini) unaweza. Utaketi pembeni, utaandika, utapanga mafaili, utatembea na wale wanaokwenda maskani kutafuta walioacha kuja. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nao wana mafunzo ya washauri wa walevi na watumiaji, hayo yangoje mpaka umalize. Na irudie hiyo takwimu, Mtafiti hakukutania.

Kuhusu Nairobi au pwani: uzamili kachukue Nairobi, kazi ya kujifunzia mikono chukua huku. Nairobi mko wengi mnaogombea kiti kimoja. Huku Kiamu chako pekee kitakufungulia milango. Wanakuja wagonjwa kutoka visiwani, Faza, Kizingitini, wanajibu "sijambo" kwa kila kitu mpaka wasikie mtu wa kwao anasema "yeo" badala ya "leo".

Ukiweza njoo mwezi huu kabla hujarudi chuo. Leta barua ya idara yako yenye muhuri, nakala ya kitambulisho, na bima ya wanafunzi kama chuo kimekupa, hospitalini huulizwa. Panda basi la kwanza kutoka Mokowe. Usije Ijumaa, Ijumaa tunafunga mapema na utaniona nikikimbia.

BINTI_LANGONI

Barua nitaiomba kesho. Ami nimemwambia kwamba Mathari ilikuwa ya ndui. Amenyamaza, akasema "hata", akaondoka na punda wake.

TUKTUK_BARANI

Ukishuka stendi uliza tuktuk ya kijani yenye maandishi ya Ayat al-Kursi nyuma. Mpaka hospitali sikuchaji. Ila njiani nitaongea, na usiniambie nisajiliwe.